Siku Docteur Alipoambiwa Aseme Kiswahili

Vijana wa chumba cha upasuaji, nyinyi mliobaki na makasi yangu, mmeniomba niandike. Sawa. Lakini msitegemee niwaambie nilipandishwa cheo lini na nani alinionea wivu. Hayo waulizeni wenye wivu wenyewe, wengine bado wako hai na midomo yao inafanya kazi vizuri. Mimi nitawaambia habari ya kazi. Mlikuwa mnanicheka kwamba Mama Zaina hawezi kubadilisha kitambaa cha kidonda bila kumweleza mgonjwa mpaka mgonjwa mwenyewe anaomba apumzike. Tabia hiyo sikuipata shuleni. Niliipata katika mkutano mmoja wa madaktari, wakati wa vita.

Nilizaliwa hapa hapa Kisangani, ng'ambo ya mto, Lubunga, kwa wazazi waliotoka Maniema. Siku yangu ya kwanza ya kazi ya uuguzi nilivuka kwa pirogi, mtumbwi wetu wa mto, nikiwa nimesimama wima, maana mama yangu alikuwa ameipiga blauzi yangu nyeupe pasi ya makaa na sikutaka ikunjike. Nilidhani nitapewa sindano. Docteur Lisimo, mpasuaji wetu, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, akaniangalia toka kichwani mpaka miguuni, akanipa beseni na sabuni.

"Chumba ya mwisho, mama. Kule njo shule iko."

Kama kule ndiko shule iliko, basi, nikaenda. Jamani, hakuna aliyeniambia. Harufu ilinikuta mlangoni. Mle ndani wanawake walikuwa wamekaa juu ya plastiki, wasichana wengine wadogo kuliko mimi, na magodoro yametobolewa katikati, chini ya kila tundu kuna ndoo. Mkojo unadondoka mchana kutwa. Mmoja akanisalimia kwa adabu kabisa, "Jambo, mama infirmière," huku maji yanamtiririka miguuni, na hakuangalia hata chini. Nilitoka nikatapika nyuma ya jiko la hospitali, nikaichafua ile blauzi aliyoipiga pasi mama yangu.

Docteur akanifuata. "Umetapika?"

"Ndiyo, docteur."

"Bon. Umemaliza? Rudia kule ndani."

Huyo ndiye alikuwa mwalimu wangu. Alinifundisha kwamba wale wanawake hawakurogwa, kama watu walivyosema. Mama anakaa na uchungu siku kadhaa, mtoto hatoki, kichwa kinabana nyama mpaka inakufa, na nyama iliyokufa inaacha tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Toka hapo mkojo haumwombi ruhusa mtu. Wengine hawana tundu, ila wakikohoa au wakibeba kapu la mihogo wanalowa. Wengine kizazi kimeshuka mpaka nje, wanakirudisha kwa mkono asubuhi na kwenda shambani. Nilishangaa vile vitu vinatokea kwa mama zetu na hakuna anayesema neno. Nilikuwa nimeishi na wanawake maisha yangu yote!

Alinifundisha pia kipimo cha buluu. Unaingiza dawa ya buluu kwenye kibofu kwa mpira mwembamba, unapanga pamba tatu ndani ya njia ya uzazi, unamwambia mama atembee kidogo. Kisha unatoa pamba moja moja. Pamba iliyogeuka buluu inakuambia tundu liko wapi. Kazi hiyo ikawa yangu, hiyo na kuwanywesha maji. Maana mama anayevuja hataki kunywa, anadhani akinywa kidogo atalowa kidogo, kumbe mkojo unakuwa mkali unamuunguza ngozi. "Kunywa, mama" ni maneno niliyoyasema kuliko salamu zote maishani mwangu. Kupima kwa ndani kwa mkono ilikuwa kazi ya docteur peke yake, nyuma ya pazia, akisema Kifaransa na wanafunzi wake.

Vita vikaja. Mto ukakatwa. Meli za Kinshasa zikaacha kupanda, na kule chini, upande wa Basoko, kulikuwa na wanajeshi wengine wenye wakubwa wengine. Dawa zikaisha. Glavu tulizichemsha tukazianika kwenye kamba kama nguo za watoto. Uzi ulipokwisha tulinunua nailoni ya wavuvi pale bandarini, tukaichemsha, tukashona nayo ngozi. Hospitali nyingine walitucheka, baadaye wakaja kuomba nailoni yetu.

Halafu ile wiki ya mabomu. Majeshi mawili ya wageni yalipigana ndani ya mji wetu, sisi tukiwa katikati, na mpaka leo sijaelewa walikuwa wanagombania nini chetu. Mimi nilikwama Lubunga, hakuna pirogi iliyothubutu kuvuka. Docteur Lisimo alikwama hospitalini. Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye ngazi, ndevu zimeota, viatu vimeganda damu, anaangalia ukuta. Nilimuuliza mara moja tu ilikuwaje.

"Zaina, nilikuwa nakata, nashona, nakata. Sura sikumbuke hata moja."

Sikuuliza tena.

Mama Esta alifika miezi mingi baadaye, kutoka Yanonge, ndani ya pirogi ya wauza mihogo. Walikuwa wamemweka nyuma kabisa kwa sababu ya harufu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye macho ya utani, na alinisalimia kwa kusema, "Mama Zaina, banasema weye njo fundi ya bomba." Nilimpenda pale pale. Alikuwa na kovu la upasuaji tumboni. Mtoto alikufa, alisema, na tangu hapo ni mkojo tu. Mume wake, Papa Remi, alikuwa mfanyabiashara wa samaki wa kukauka. Vita vilipofunga mto vilimkuta Basoko, mkewe akiwa na mimba ile, na tangu wakati huo alikuwa anatuma salamu tu kupitia wavuvi.

"Bwana yangu ni mutu muzuri," aliniambia nikimwosha. "Hajaoa mwingine. Nikikauka, ananirudilia, na nitamuzalia mutoto. Mutoto tu, Mama Zaina. Hata moja."

Nilimuuliza habari ya damu ya mwezi. Akasema ilikwisha tangu uzazi ule. Sikushtuka. Miaka ile nusu ya wanawake wa mji hawakuona mwezi, kwa njaa na hofu. Nikamwambia itarudi, anywe maji.

Docteur alimpima nyuma ya pazia, akatoka amekunja uso. "Nani kule Yanonge anapasua watu namna hii?" Nilipomuuliza Esta nani alimpasua, akainamisha kichwa. "Ilikuwa siku mubaya, mama. Tuiache." Nikaacha. Kila mtu miaka ile alikuwa na siku yake mbaya.

Sasa mkutano. Msishangae, hata katika vita madaktari wanapenda mikutano. Docteur Lisimo alikuwa ameota kwa muda mrefu kukusanya madaktari, wauguzi na wakunga wa mkoa ili wazungumze siku mbili juu ya kushindwa kujizuia mkojo na magonjwa ya misuli ya chini ya kiuno. Ilibidi kuomba ruhusa kwa wakubwa wa wakati ule. Afisa mmoja akasoma barua, akairudisha, akauliza, "Réunion ya nini?"

"Ya mikojo, mon commandant," docteur akajibu.

"Munataka kunidanganya. Watu wanatoka mpaka Isangi juu ya mikojo?"

Alikataa kusadiki. Akatutumia askari mmoja akae nyuma ya ukumbi na bunduki asikilize kama kuna siasa. Askari yule alikaa. Mchana wa kwanza alikuja kuniuliza polepole kama ile shida ya kukohoa na kulowa inampata pia mama mwenye miaka ya mama yake.

Mgeni wetu mkubwa alikuwa Profesa Mapendo, mwanamke mfupi kutoka Kivu, aliyefika kwa ndege ya mizigo, amekaa juu ya magunia ya maharagwe, amevaa viatu vya kiume. Hakuwa na mchezo. Saa ya kwanza tu alisimamisha ukumbi wote wa paroisse, parokia yetu, na kutufundisha kukaza misuli.

"Kaza kama mutu anazuia mukojo njiani. Tumbo hapana! Matako hapana! Chini! Weye docteur wa tai nyekundu, umefunga pumzi, pumua! Kaza... achilia."

Ukumbi mzima wa watu wenye vyeo wakakaza, nyuso zimenyooka kama wako kwenye misa. Nilimwona mkubwa mmoja wa hospitali jasho linamtoka. Nilicheka mpaka nikajikuta mimi mwenyewe nahitaji lile zoezi. Basi, kicheko hicho kilikuwa cha mwisho siku zile mbili.

Asubuhi ya pili ilikuwa zamu ya Docteur Lisimo kuonyesha kesi ngumu. Alimchagua Mama Esta. Esta alikubali haraka, maana aliambiwa kwamba profesa akikubali, atapasuliwa wiki ile ile. Nilimkalisha mbele kwenye kiti, nimetandika plastiki na juu yake pagne ya kitenge, amejipaka mafuta, amesuka nywele. Alikuwa kama mtu anayekwenda kuposwa. Docteur akachora ubaoni na kuanza kwa Kifaransa kizuri, kile chake cha mikutano.

Profesa akainua mkono. "Samahani, mwenzangu. Huyu mama anasikia Kifaransa?"

"Hapana, profesa."

"Alors, sema Kiswahili. Ni mwili yake."

Watu wakatazamana. Kesi haikuwahi kusimuliwa kwa Kiswahili, ilikuwa kama kumwambia padri asome misa akiwa na kaptula. Lakini docteur akatabasamu, akaufuta ubao kidogo.

"Bon. Huyu mama anatokea Yanonge. Alikuwa na uchungu mingi, mutoto akakufa ndani. Wakamupasua kule kijijini. Wakatoa kizazi. Hiyo siyo kosa, pengine kilikuwa kimepasuka, ilikuwa lazima. Lakini muangalie huyu mutu alifanya nini kisha!" Akagonga ubao kwa chaki. "Sindano yake ilishika kibofu. Alishona kibofu pamoja na kovu! Hii siyo kazi ya docteur, wapendwa. Hii ni kazi ya mutu wa kuchinja mbuzi."

Ukumbi ukacheka. Na yeye akacheka.

"Docteur," sauti ya Esta ikatoka pale kwenye kiti. "Umesema walitoa nini?"

"Kizazi, mama. Nyumba ya mutoto."

"Ya nani?"

Docteur akashusha chaki. "Ya... yako, mama."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, mikono yangu juu ya mabega yake, na nilisikia mwili wake unakuwa mgumu kama ubao. Mimi mwenyewe nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza. Mimi, niliyemwambia damu itarudi!

"Hamukuniambia," alisema. "Hakuna mutu aliniambia."

"Mama, kule Yanonge labda..."

"Haikuwa Yanonge." Akainua uso. "Nilikuja kuzalia hapa Kisangani, kwa tantine, mama mudogo wangu, mutaa wa Mangobo. Ilikuwa siku ya mabomu. Courant ya taa ilikufa, mutu moja akashika torche. Ni weye, docteur. Ni weye ulinipasua. Ulikuwa unaniambia, mama usikufe, usikufe, miye nimechoka na wafu."

Allah! Chaki ikamtoka docteur mkononi. Hakuiokota. Aliangalia uso wa Esta kama mtu anayesoma jina lake mwenyewe kwenye msalaba wa kaburi, na nilijua amekumbuka yale maneno, kama uso hakuukumbuka.

"Juu ya nini haukusema?" akauliza, sauti imekwisha. "Miezi yote hii hapa kwangu?"

"Nilikuwa nakufa, ukaniponesha. Naweza kusimama mbele ya mutu mwenye aliniponesha na kumuambia umeniharibu? Nilisema, mwenye alifunga atafungua." Kisha akauliza tena, polepole, kama mtoto. "Lakini kizazi, docteur. Juu ya nini haukuniambia?"

"Tuna... tunaambiaka bwana."

"Bwana yangu alikuwa Basoko."

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwahi kukiona, ingawa nilikuwa nakifanya kila wiki. Ndivyo tulivyofundishwa. Habari ya kizazi mama haambiwi, atavunjika moyo, anaambiwa mume, na mume atachagua saa yake. Hakuna mume, baba mkwe. Na kama mto umekatwa na mume yuko ng'ambo ya vita? Hilo hakuna aliyelifikiria. Waliomuuguza wiki ile, kabla tantine yake hajamtoa hospitalini na mimi sijarudi, walidhani mume ataambiwa. Docteur alipompima, alidhani waliompasua kijijini walisema. Mimi nilidhani njaa. Habari ya mwili wa mwanamke yule ilizunguka kwa watu wote isipokuwa yeye.

Profesa Mapendo akasimama. Hakupiga kelele. "Nani hapa ndani," aliuliza, "akitoa kizazi cha mama, anamuambia mama mwenyewe kwanza?"

Hakuna mkono ulioinuka. Wapasuaji, wakunga, mimi. Hata mmoja. Nilitamani ardhi inimeze.

Esta akainuka. Plastiki ilikuwa imejaa, maji yakamwagika sakafuni mbele ya watu wote wale, naye akapita juu yake, akatoka. Nilimfuata mbio. Nilimkuta nyuma ya ukumbi, pale wapishi walipokuwa wanatwanga pondu, majani ya mihogo, kwa chakula cha mkutano. Walimsogezea kibao bila kuuliza. Nikampa kikombe cha maji, kwa mazoea tu, akakishika bila kunywa.

"Kesho narudi Yanonge," alisema.

"Na kupasuliwa?"

"Nikauke juu ya nini, Mama Zaina? Uniambie. Nikauke juu ya nani?"

Nilikuwa na hasira tu. Hasira kwa docteur, kwa mabomu, kwa Kifaransa, kwa ule mdomo wangu uliosema itarudi.

Docteur akaja. Alikuwa ameivua tai, ameikunja mkononi kama kitambaa. Wapishi wakaacha kutwanga. Akasimama mbele ya Esta, mtu mrefu vile, hajui aweke wapi mikono.

"Mama, profesa ni fundi kunipita. Atakushona yeye. Miye sitakugusa."

Esta hakumjibu hilo. "Mutoto," alisema. "Alikuwa mwanaume ao mwanamuke?"

Docteur akaikunjua ile tai, akaikunja tena. Macho yakamjaa maji.

"Sijue, mama."

"Haujue?"

"Sikumbuke. Niliweka mutoto pembeni. Kulikuwa na wengine wanangoja. Mama, sijue."

Esta akamrushia maji ya kikombe, yote, kiunoni. Mama yangu eeh! Wapishi wakapiga yowe. Askari wetu wa siasa akatokea mbio na bunduki yake, akaona, akasimama. Suruali ya docteur, ile ya kijivu ya mkutano, ikalowa toka kwenye mkanda mpaka gotini, na maji yakadondoka kwenye viatu vyake.

"Sasa na weye umelowa," Esta alisema. "Ingia mule ndani vile. Wakuangalie."

Na akaingia, vijana. Kwa mlango wa mbele. Nilimchungulia. Alipita katikati ya viti vyote na suruali ile, akasimama ubaoni, akasema kwa Kiswahili, "Ule mutu wa kuchinja mbuzi, ni miye." Hakuna aliyecheka. Nimefanya kazi na wapasuaji wengi baada yake, wazuri kuliko yeye kwa mikono, lakini sijaona mwingine aliyefanya hivyo.

Jioni ile Esta akaniita. Alikuwa amelala kwenye godoro lake la tundu, macho kwenye dari. "Mwambie docteur nitabaki. Lakini sitaki profesa. Profesa atashika torche. Docteur mwenyewe njo atashona. Na sitaki sindano ya kulala. Anichome ile ya mugongo, nikae na akili yangu. Na kila kitu anafanya, aniambie. Kwa Kiswahili."

"Na Yanonge?"

"Nitarudi kama niko mukavu. Nimechoka kukaa nyuma ya pirogi."

Alipasuliwa siku mbili baada ya mkutano, na wageni wengi hawakuondoka, walibaki waone. Nilipanga vyombo. Docteur alianza, akitamka kila neno kama mwanafunzi.

"Mama Esta, sasa nafungua kovu."

"Nasikia."

"Sasa naona kibofu. Naona shimo. Iko kubwa kama tundu ya kifungo cha koti."

"Endelea."

Halafu akainama zaidi. Profesa akasogeza taa. Pale kwenye kovu, ndani kabisa, palikuwa na kipande cha uzi mweupe, mgumu. Docteur akakivuta kwa koleo. Nilikitambua kabla hajasema. Ilikuwa nailoni ya wavuvi, ile yetu, iliyoandaliwa kwa ngozi tu. Siku ile ya mabomu hapakuwa na uzi mwingine, akaingiza ndani kilichokuwepo. Ningekuwa mimi, ningekitupa kwenye beseni kimya kimya. Yeye akakipitisha juu ya kitambaa kile kinachomkinga mgonjwa asione, akamwonyesha.

"Mama, hii ni uzi yangu. Hii njo ilikuharibu."

Esta akakiangalia. "Na njo ilizuia damu?"

"Ndiyo, mama. Njo ilizuia damu pia."

"Bon. Endelea."

Ilichukua muda mrefu kuliko upasuaji wowote niliouhudhuria, kwa maana kila hatua ilisemwa. Wageni wa Isangi na kwingine walisimama ukutani na hakuna aliyesogeza mguu. Mwishoni Esta alikuwa anauliza maswali kama mnunuzi wa kitambaa: huo uzi ni wa namna gani, utaoza lini, juu ya nini umeshona mara mbili. Docteur akajibu yote.

Kisha ikaja ile kazi yetu isiyo na sifa. Mpira wa mkojo wiki kadhaa, na mimi kusimama pale na jagi. Mpira ukiziba kidogo tu, kibofu kinajaa na kazi yote inapasuka, kwa hiyo nilikuwa naukagua kama mtu anayelinda sufuria ya maziwa. Siku ya kutoa mpira niliingiza dawa ya buluu, nikapanga pamba, nikamwambia atembee mpaka dirishani na kurudi. Docteur alisimama nje ya pazia. Nilitoa pamba ya kwanza, nyeupe. Ya pili, nyeupe. Ya tatu niliitoa nimefumba macho, Esta ndiye aliyeniambia, "Fungua, iko nyeupe." Hakutabasamu. Alikaa tu juu ya shuka kavu akiligusagusa kwa kiganja.

Papa Remi akatokea wiki hiyo hiyo. Alikuwa amepita njia za msitu na mito midogo, amekonda, ndevu zina mvi. Alipofika mlangoni docteur akafunga vifungo vya blauzi yake nyeupe ya udaktari ili aende kumwambia. Ilikuwa desturi, na docteur alidhani safari hii desturi inamdai yeye aibebe.

"Kaa, docteur," Esta akasema. "Habari ni yangu."

Alitaka nibaki. Alimwambia mume wake yote akiwa amesimama: mabomu, torche, mtoto, mkojo, kizazi. Hakulia. Papa Remi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo bado linanichoma.

"Basi nimeoa mwanaume mwenzangu."

Akachukua mfuko wake, akatoka. Tulimwona kwa dirisha akishuka njia ya bandari. Esta alikaa kitandani, akaniomba maji, akanywa kikombe kizima bila kulazimishwa. Mimi nilienda kusugua beseni safi.

Kesho yake mchana alirudi. Alikuwa na samaki aliyefungwa kwenye majani na kipande cha sabuni, na macho mekundu. Hakuomba radhi, wanaume wa rika lake hawakujua mlango wa kuingilia jambo hilo. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mke wake, akaangalia sakafu.

"Ule mutoto," alisema. "Alikuwa mwanaume ao mwanamuke?"

"Hakuna mwenye anajua," Esta akajibu.

"Hata docteur?"

"Hata docteur."

Papa Remi akatikisa kichwa. "Basi tutamuita Bahati. Jina hiyo iko ya wote wawili."

"Bahati gani?" Esta akamgeukia, mkali. "Bahati gani kwangu, Papa Remi?"

"Nilikuwa kule Basoko, watu wanasema Kisangani iliisha, hakuna mutu alibakia. Nilikuwa nawalilia wote wawili." Akamshika mkono. "Nimekuja, nimekuta moja."

Hapo Esta alilia. Sikuwa nimemsikia akilia tangu alipofika, na hakulia kwa machozi ya kawaida, alipiga ukunga wa matanga, ule wa juu kabisa, akaita, "Bahati yangu eeh! Bahati eeh!" Wanawake wa chumba kile walijua kilio hicho. Wakainuka kwenye magodoro yao, wengine na mipira yao mkononi, wengine wanavuja njiani, wakaja kukaa sakafuni kumzunguka, wakaitikia. Walinzi wa hospitali na wauguzi wakajaa mlangoni wakidhani mtu amekufa. Docteur Lisimo alipita katikati yao, akavua viatu, akakaa chini na wafiwa. Nami nikaweka beseni pembeni, nikakaa.